Gita, vidole viwili, na kwa nini MP3 haitoshi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, sababu ya kwanza ikiwa mteja mmoja na hifadhidata yake (tusimzungumzie), na ya pili viazi. Huku Mau Narok viazi vikikomaa havimngojei mtu amalize kutafuta kosa kwenye programu yake. Sasa viazi vimo guniani, mteja ametulia, na mimi nina jambo limenikaa moyoni nataka kulitoa.

Leo sitaandika kuhusu seva wala Linux. Nataka kuandika kuhusu wapiga gita, hasa wale wanaopiga peke yao, kwa vidole, bila bendi nyuma yao. Msinikimbie. Kompyuta itaingia, tena itaingia na kuaibika.

Hapa kwetu kuna mzee mmoja ambaye sitamtaja jina kwa sababu hapendi mambo ya intaneti. Alitoka Magharibi akiwa kijana, akaja kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, akaoa huku, akabaki. Anapiga omutibo, ule mtindo wa Waluhya ambao George Mukabi aliusambaza nchi nzima kabla ya kufariki mwaka 1963. Kama hujawahi kuusikia: gita moja la nyuzi za chuma, kidole gumba kinashika besi bila kuchoka, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na mtu wa pili yuko kando anagonga na kukwaruza chupa ya Fanta. Ukifumba macho utaapa kuna magita mawili.

Desemba 2010, kwenye sherehe ya mahari ya jirani, mzee alipiga wimbo mmoja ambao aliutunga mwenyewe. Hauna jina. Nikatoa simu yangu ya wakati ule nikarekodi. Nilijiona mwerevu sana. Kumbe simu ilikuwa inahifadhi sauti kwa AMR, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu: sampuli 8,000 kwa sekunde, kila kitu kilicho juu kimekatwa. Gita linasikika kama liko ndani ya debe. Na sikupiga picha hata moja ya mikono yake. Nilisimama mita mbili kutoka kwake, nikaelekeza simu, nikaangalia watu wakicheza.

Mwaka 2016 mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe ilichukua ncha ya kidole chake cha shahada, mkono wa kulia.

Wale wanaosomea gita la klasiki wanajua maana ya sentensi hiyo. Maisha yao yote ni mikono. Mpigaji wa klasiki wa kulipwa huamka akaangalia kucha zake kabla ya kuangalia hali ya hewa. Kucha za mkono wa kulia hulelewa, husuguliwa kwa tupa laini mpaka zing'ae, kwa sababu kila mkwaruzo kwenye ukucha husikika kwenye uzi. Wengine wamegombana kwa miaka kuhusu jambo hili hili: Francisco Tárrega, Mhispania ambaye karibu kila mwanafunzi wa gita humpitia, mwishoni mwa maisha yake alikata kucha akapiga kwa nyama ya kidole tu. Andrés Segovia, aliyezaliwa mwaka 1893 na kupiga jukwaani karibu mpaka kifo chake mwaka 1987, alishika njia ya ukucha na nyama pamoja, na wengi wakamfuata. Sasa mwambie mtu kama huyo achimbe viazi. Mzee wetu alikuwa anachimba viazi mchana na kupiga gita jioni kwa mikono ile ile, na baridi hii yetu ya zaidi ya mita 2,500 ikiwa imekaa kwenye vifundo vya vidole.

(Jambo moja la kando kwa wafugaji: mpaka miaka ya 1940 nyuzi za gita la klasiki zilikuwa za utumbo wa kondoo. Vita ikaleta uhaba wa utumbo, nailoni ikaingia, na ndiyo inayotumika mpaka leo. Kondoo wa Mau Narok wamepona.)

Yuko mpigaji wa Marekani, David Leisner, ambaye katika miaka ya 1980 mkono wake wa kulia uliacha kumtii. Si jeraha, ni ule ugonjwa ambapo vidole vinajikunja vyenyewe ukianza kupiga. Alirudi jukwaani akitumia vidole vichache tu, akapanga upya namna ya kupiga, na miaka baadaye akapona. Nimemwambia mzee habari zake. Akaniuliza, "Huyo alikuwa na ng'ombe?" Nikasema sidhani. Akasema, "Basi alikuwa na wakati."

Lakini angalieni tofauti hii. Leisner alipopoteza vidole vyake, muziki aliokuwa akipiga haukupotea. Uko kwenye karatasi. Mwanafunzi yeyote anaweza kufungua kitabu akaona noti, na chini au juu ya noti akaona ni kidole gani cha kushoto na ni kipi cha kulia. Kule Valencia mwaka 1536 Luis Milán alichapisha kitabu chake El Maestro, cha vihuela, chombo kilicho ndugu wa gita. Hakuandika noti kama za kwaya. Aliandika mistari sita, mmoja kwa kila uzi, na namba juu ya mistari kuonyesha mahali pa kubonyeza. Karibu miaka 500 imepita, na mtoto wa Nairobi anaweza leo kuweka vidole pale pale Milán alipoviweka. Mzee wetu alipopoteza ncha ya kidole kimoja, wimbo wake ulibaki wapi? Ndani ya faili langu la AMR, ndani ya debe.

Hapo ndipo nikasema, mimi si ni mtu wa programu? Nitautoa.

Nikianza na kuringa. Kuigiza sauti ya gita kwa tarakilishi (mwalimu wangu wa Kiswahili atafurahi nimelitumia neno hili) ni jambo rahisi la ajabu. Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alexander Strong walichapisha njia yake. Unachukua orodha ya namba za bahati nasibu, yaani kelele tupu. Unaisoma ikizunguka, na kila namba unayoipita unaibadilisha iwe wastani wake na jirani yake. Basi, imekwisha. Urefu wa orodha ndio unaoamua noti: uzi wa tano wa gita hutetemeka mara 110 kwa sekunde, kwa hiyo kwa sauti ya sampuli 44,100 orodha yako inakuwa na namba kama 401. Msimbo wenyewe haufiki mistari ishirini. Mara ya kwanza nilipoiendesha usiku niligeuka kuangalia nani ameingia na gita.

Kwa hiyo kutoka namba kwenda sauti, rahisi. Sasa rudi nyuma: kutoka sauti kwenda vidole. Hapo nilipigwa mweleka.

Nilichukua programu moja ya bure inayogeuza sauti kuwa MIDI. MIDI nayo ilitoka mwaka 1983, na kwa mpiga kinanda ni kitu safi: noti gani, imeanza lini, imeisha lini, imepigwa kwa nguvu gani kati ya 0 na 127. Kinanda kina mahali pamoja tu pa kila noti. Gita si hivyo. Chukua ile mi ya uzi wa kwanza ukiwa wazi. Noti hiyo hiyo iko kwenye uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, uzi wa nne freti ya 14, na uzi wa tano freti ya 19. Mahali patano, noti moja, na kila mahali pana rangi yake ya sauti. MIDI inasema "mi" na kunyamaza. Haijui uzi, haijui kidole.

Nikaandika programu ya kutafuta. Kila mahali panapowezekana ni kituo, kila mwendo wa mkono wa kushoto una gharama, halafu unatafuta njia ya gharama ndogo kabisa kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho. Ni hesabu ile ile ambayo Dijkstra aliichapisha mwaka 1959 na ambayo ramani za simu hutumia kukutoa Mau Narok kupitia Njoro hadi Nakuru. Baada ya kufuta noti za uongo (programu ilidhani chupa ya Fanta ni uzi) nilipata ukurasa mzima wa vidole, nadhifu, unaowezekana, katika la, nyuzi za wazi kila zilipofaa. Nikauchapisha nikampelekea mzee kwa furaha.

Mzee hasomi tablecha, kwa hiyo nilimpigia mimi, polepole, kwa kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kijana wangu, huo wimbo naujua. Lakini huyo anayeupiga simjui."

Akaniomba kalamu ya risasi. Nilidhani anataka kuandika. Akaivunja katikati, akaifunga kwa kipande cha uzi kwenye shingo la gita, freti ya pili. Yaani alikuwa anapiga kwa mkao wa sol, kalamu ikipandisha kila kitu mpaka la. Kila uzi niliodhani uko wazi haukuwa wazi pale nilipodhani, na kila uzi uliokuwa wazi kwake mimi niliubonyeza. Mashine yangu ilikuwa imepata noti karibu zote na kukosa kila kidole. Na kosa hilo haliwezi kurekebishwa kwa processor yenye nguvu zaidi, kwa sababu habari yenyewe haikuwamo kwenye rekodi mbovu kama ile. Habari ilikuwa kwenye mkono, na mkono sikuupiga picha.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaonikasirikia. Tunasifu sana kazi ya kuweka nyimbo za zamani kwenye mtandao. Mtu akipata santuri ya mwaka 1958, anaigeuza MP3, anaipandisha, watu wanashukuru, mimi pia nashukuru. Lakini tunajidanganya tukidhani tumeuokoa usanii. Tumeokoa sauti. Usanii wa mpiga gita wa vidole uko kwenye mikono, na mikono inazikwa kila mwaka Kakamega, Vihiga, Bungoma, Lubumbashi, na sisi wenye simu za kamera mbili na tatu tumesimama tunarekodi watu wanaocheza.

Mtu akisema "mpiga gita wa klasiki," wengi mnaona suti nyeusi, kigoda cha kuwekea mguu wa kushoto, ukumbi wenye watu wanaojizuia kukohoa. Mimi naona karatasi. Karatasi ndiyo iliyomfanya yule mtu wa suti apate kula. Wapigaji wengi wa klasiki, hata Ulaya, hawaishi kwa tamasha. Wanaishi kwa kufundisha, na wanafundisha kwa sababu kuna vitabu, na vitabu vina madaraja, na mzazi anajua analipia nini. Kenya Conservatoire of Music iko Nairobi tangu mwaka 1944. Mtoto anaweza kusomea gita akafanya mtihani wa daraja la kwanza mpaka la nane, na njiani atapiga Carulli, Sor, Giuliani, Tárrega. Muziki mzuri, sina ugomvi nao. Ila Mukabi hayumo kwenye safu hiyo, na mzee wetu, aliyekuwa na vidole vya kumfundisha mtoto yeyote wa Njoro, hakuwahi kulipwa hata shilingi kama mwalimu. Alilipwa pombe, chakula, na mara moja mbuzi.

Na msiniambie kwamba muziki wenyewe ni mwepesi. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na wimbo wake Masanga, ulioimbwa kwa Kiswahili, ukazunguka Afrika. Vidole viwili, gumba na shahada, kama mzee wetu. David Rycroft akakaa chini kuchambua upigaji huo noti kwa noti na kuuchapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, mafungu mawili, kwa sababu moja halikutosha. Mwenda na binamu yake Edouard Masengo wakafika Nairobi, wakasikika redioni, na vijana wa Kenya wakaanza kubadilisha namna ya kupiga. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Pamoja na hayo yote alifanya ukarani wa benki na kazi nyingine ili aishi. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani Zambia. Mtu wa kiwango chake angekuwa Madrid angekuwa na darasa lenye jina lake.

Walioelewa mapema kwamba lazima uone mkono ni wachache. Gerhard Kubik wa Austria mwaka 1965 alichapisha kazi ya kunakili muziki wa mangwilo, marimba ya Msumbiji, kutoka kwenye filamu isiyo na sauti, akihesabu picha moja baada ya nyingine. Fikirieni hilo: filamu BILA SAUTI ilimfaa kuliko sauti bila filamu. John Low, mpiga gita Mwingereza, alifunga safari hadi Shaba kukaa na Mwenda, Masengo na Losta Abelo uso kwa uso, na kitabu cha safari hiyo kikatoka mwaka 1982. Wote wageni. Sisemi hivyo kwa uchungu, nawashukuru, lakini walikuja na kamera nzito na tiketi za ndege. Sisi tuna kamera mfukoni na nauli ya matatu.

Rafiki yangu mmoja, mpigaji mzuri kuliko mimi, anapinga. Anasema muziki huu ni wa sikio, ukiuandika unaua. Anasema mzee hapigi wimbo vilevile mara mbili, sasa utaandika upi? Nakubali nusu. Hata Rycroft aliuita upigaji wa Mwenda ubunifu wa papo hapo, na tablecha yangu itakuwa ya siku moja tu, kama picha ya mtu akiwa katikati ya hatua. Lakini rafiki yangu alijifunza kwa kukaa miguuni pa baba yake mdogo. Yule asiye na baba mdogo mpiga gita akae miguuni pa nani?

Basi kama una mzee au mama anayepiga, fanya hivi. Piga video, si sauti tu. Weka simu juu ya kitu, isishikwe, mkono wa kulia ujaze picha. Wimbo wa pili, mkono wa kushoto. Muombe apige haraka kama kawaida, kisha polepole. Kabla hajaanza, apige kila uzi peke yake ukiwa wazi, uzi wa sita hadi wa kwanza, ili siku moja mtu ajue zilikazwa vipi. Uliza kuhusu kalamu. Muombe ruhusa, na kama kuna pesa itakayopatikana mjadiliane mapema, kwa sababu wengi wa kizazi chake walilipwa studio mara moja na wakawa hawajui santuri zilienda wapi. Halafu andika tablecha kwa maandishi ya kawaida, .txt, wala si kwa programu ya kununua, maana faili la .txt litafunguka hata baada ya hizi simu zetu kuwa vioo vya makumbusho. Mistari sita, kama Milán:

1|-----3-------3---|
2|---0-------0-----|
3|-----------------|
4|-----0-------0---|
5|-----------------|
6|-3-------3-------|

(Hilo ni zoezi tu, si wimbo wa mzee. Uzi wa 4 na wa 6 kwa gumba, wa 1 na wa 2 kwa shahada, kalamu freti ya pili. Rudia mpaka jirani alalamike.)

Sisi tumeanza. Kila Jumamosi baada ya kukamua, mzee anakuja, ninatega simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na yeye anapiga kwa gumba na kidole cha kati. Kidole cha kati ni kizito, hakijazoea, na yeye hukikemea kwa Kiluhya. Tumepata sehemu mbili za wimbo kati ya nne. Sehemu ya tatu ina mahali ambapo gumba linapanda hadi uzi wa tatu kuchukua kazi ya shahada, na anasema pale ndipo watu walipokuwa wanapiga kelele. Amejaribu mara nyingi. Wiki iliyopita alisimama, akaangalia ncha ya kidole isiyokuwepo, akaniambia nilete rekodi ile ya 2010 asikilize tena.

Nikamchezea. Aliisikiliza akiwa amefumba macho, gumba lake likitembea juu ya goti. Ilipofika pale, akanigusa mkono. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Tumeirudisha mara kumi na saba mpaka betri ikaisha.